Fundi Koku Alivyoupima Mgongo Wake

Hadithi hii hutaiamini, na si kosa lako. Watu wa Kagera tumesemwa sana kwa kujisifu, mpaka siku hizi ukweli wetu ukipita barabarani hakuna anayeusalimia. Lakini haya yametokea Kamachumu, wilaya ya Muleba, mchana kweupe, na wenyewe wako hai, wanakula ndizi zao.

Anayeandika ni Kahigi wa Ijuganyondo, pale pembeni mwa mji wa Bukoba, mjomba wa mwenye hadithi. Kwa adabu hatajiita mimi. Atajiita Kahigi tu, kama wanavyomwita watu wanaomheshimu, nao ni wengi. Shule aliiacha darasa la sita, baada ya mwalimu kuishiwa ya kumfundisha. Sasa hivi amekaa kwenye benchi la wateja, ndani ya kibanda cha fundi mwenyewe, cherehani inaunguruma ubavuni mwake, na amepewa sharti moja: fundi anasoma kila kinachoandikwa.

Fundi huyo ni Kokwijuka, binti wa Renatha, dada yake Kahigi, aliyeolewa na Karugendo wa hapa Kamachumu. Watu wanamwita Koku. Ana miaka ishirini na mitano. Sare za shule unazoziona zikipita barabarani asubuhi, nusu yake zimepita kwanza chini ya sindano yake. Kahigi alikuwa ameandika "zote". Fundi akanyoosha shingo, akasoma, akasema, "Nusu." Basi ni nusu.

Tuanze na mshono.

Miaka mitatu minne iliyopita, ukienda misa hapa, ungeona wasichana wamevaa gauni la ajabu: marinda manne upande wa kushoto wa kiuno, upande wa kulia hakuna kitu, na bega la kushoto limeinuliwa kidogo kama la askari mwenye cheo. Mshono huo uliitwa Koku. Ulishuka Muleba mjini, ukapanda gari ukafika Bukoba. Kila msichana aliyeuvaa alidhani umetoka Dar es Salaam. Haukutoka Dar es Salaam, wala haukuwa mtindo. Kokwijuka alijishonea marinda yale kwa sababu kiuno chake upande wa kushoto kilikuwa kimebonyea ndani, na begani alitia kitambaa kilichokunjwa mara tatu kwa sababu bega lile lilikuwa limeshuka. Uti wake wa mgongo ulikuwa umepinda. Alikuwa anauficha, na nusu ya wilaya ikaja kumwiga. Wengine wakiwa na ila wanajifungia ndani. Mpwa wa Kahigi aliigeuza ila yake ikawa fasheni.

Na alijuaje kuwa amepinda? Kwa tepu.

Alikuwa na miaka kumi na saba, anasoma ushonaji Bukoba, anakaa kwa Kahigi. Wiki ya pili wanafunzi wakafundishwa kupimana. Koku alipangwa na Violeth, msichana wa Kibeta mwenye mikono mirefu. Violeth akampima kutoka kwapani hadi kiunoni. Kulia, inchi nane na nusu. Kushoto, saba na nusu. Akaandika alichokiona.

Mwalimu wao, Gaudiosa, alikuwa mwanamke asiyetaniana na kipimo. Akapiga alama ya mkasi kwa kalamu nyekundu kwenye daftari. "Mtu ana pande mbili zinazolingana. Rudia."

Violeth akarudia. Nane na nusu, saba na nusu.

"Unashika tepu kama unashika mkia wa panya. Rudia."

Mara ya tatu mwalimu aliivua tepu yake mwenyewe shingoni, akapima. Akapima tena. Kisha akamgeuza Koku, akapitisha kidole katikati ya mgongo wake juu ya blauzi, polepole, kama mtu anayefuata mshono gizani.

"Violeth," akasema, "ulipima sawa. Nisamehe." Halafu akamwambia Koku kwa sauti ya chini, "Ukifika nyumbani, mwambie mkubwa wako."

Mkubwa wake alikuwa Kahigi.

Hapa kalamu inakwenda polepole, lakini itakwenda. Koku alimwambia jioni ile ile, Kahigi akiwa mezani na sahani ya ndizi na maharage. Naye akajibu kama nshomile halisi, yaani msomi wa Kihaya, ambaye kusoma si lazima. "Katika ukoo wetu hakuna aliyepinda. Unakaa vibaya tu kwenye kiti." Akamwekea daftari kichwani, akamtembeza uani, kwenda na kurudi, wiki nzima. Wiki ilipokwisha akatangaza kwa majirani kwamba amemponya. Koku hakubisha. Kwao msichana habishani na mjomba. Alichofanya ni kununua daftari la vipimo vya wateja, kabla hajapata mteja hata mmoja, na kwenye ukurasa wa kwanza akaandika jina lake, tarehe, na namba mbili: 8½, 7½.

Miaka ikaenda. Akahitimu, akarudi Kamachumu, akafungua kibanda hiki jirani na ghala la kahawa. Maumivu yalianza msimu wa sare, mwezi wa kwanza, wazazi wote wanapokumbuka siku moja kuwa watoto wao wamekua. Akikaa kwenye cherehani saa mbili, mgongo unawaka kama pasi. Akipanda mlima na beseni, pumzi inamkimbia. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alianza kushona akiwa amesimama, mguu mmoja kwenye kanyagio, kama korongo.

Mama yake ndiye aliyemshika mkono kumpeleka hospitali. Wakapiga picha, wakapewa barua ya kwenda Mwanza, kwenye hospitali ya rufaa, na Kahigi akajitolea kuwasindikiza kwa sababu anaijua Mwanza. Aliwahi kufika mara mbili.

Daktari wa mifupa aliitwa Muharami, mtu wa Tanga, mpole, anayezungumza kama anakukaribisha chai. Akabandika picha kwenye taa. Kokwijuka akauona mgongo wake kwa mara ya kwanza: ulikuwa umepinda kama mto unaozunguka kilima.

"Nyuzi arobaini na tisa," daktari akasema. "Njia ni mbili, binti, na ya tatu ni kungoja tukiangalia. Kuna mkanda wa plastiki, unaofunga kifua mpaka nyonga. Huo kazi yake hasa ni kwa mtoto anayekua: unaushika mgongo usizidi kupinda. Wewe umekwisha kukua. Kwako utapunguza maumivu, utakushikilia. Kukunyoosha, hapana. Na kuna upasuaji. Tunaweka vyuma na skrubu, tunaunganisha pingili, mgongo unanyooka kiasi na haupindi tena pale. Lakini ni upasuaji mkubwa. Hatari zake nitakutajia zote, hata zile usizopenda kuzisikia."

Akazitaja. Damu. Vidonda kuingia vijidudu. Na mishipa ya fahamu kuumia, mara chache, lakini siyo kamwe. Renatha akashika ukingo wa meza.

"Mkanda ule," Koku akauliza, "ningeuvaa nikiwa na miaka kumi na saba?"

"Pengine ungesaidia kidogo. Pengine ulikuwa umeshachelewa. Siwezi kukuapia."

Koku hakumtazama mjomba wake. Angemtazama ingekuwa nafuu. Kahigi alikodolea macho kalenda ya ukutani, akaisoma mpaka mwezi wa kumi na mbili.

Sasa unajua kwa nini Kahigi huyu alisimama kidete kikao kilipoitwa. Kilikaa sebuleni kwa Karugendo, Jumapili baada ya misa. Kikapu cha kahawa ya kutafuna kikazunguka, kila mtu akachukua mbili tatu. Bibi Klaudia, mama yake Karugendo, alikaa kwenye mkeka wake karibu na mlango. Koku alikaa pembeni ya mama yake, mikono mapajani. Swali lilikuwa moja: kisu au mkanda.

Renatha alisema yeye hawezi kumpeleka mwanawe akitembea akarudishiwa akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Karugendo, ambaye maneno yake kwa mwezi unayahesabu kwa vidole, alisema atamsikiliza shemeji yake, maana ndiye aliyekuwa kwa daktari.

Kahigi akasimama. Mtu mwingine, akiwa ugenini kwa shemeji, angesema maneno matatu akaketi.

"Shemeji," akasema, "una kibanja kizuri cha migomba, sisemi kwa kukusifia. Mgomba ukielemewa na mkungu, ukaanza kulala, unaufanyaje? Unaupasua?"

"Nautegemeza," Karugendo akasema. "Natia mti wenye panda."

"Mti wenye panda. Na mgomba unalala tena?"

"Haulali."

"Basi mtoto atategemezwa."

Wote wakatikisa vichwa kukubali. Waweza kuja kwetu na shahada tatu na miwani ya dhahabu. Ukishapingwa kwa mfano wa mgomba, umekwisha. Hakuna aliyekumbuka kuwa daktari alisema mkanda hautanyoosha. Kahigi mwenyewe alikumbuka. Lakini alikuwa anataka kumpa mtoto huyu leo kile alichomnyima miaka mitano nyuma, kana kwamba mkanda ungepokelewa kwa tarehe ya zamani.

Koku aliulizwa mwisho. Akasema, "Mkisema mkanda, nitavaa mkanda." Kuvaa ni kazi yake, akaongeza, na watu wakacheka, na kikao kikafungwa kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Mkanda ulitengenezwa kule kule Mwanza, kwa kuchukua umbo lake kwa plasta. Ulikuwa mweupe, mgumu kama ndoo, na mikanda mitatu ya kubana nyuma. Koku aliushonea vesti ya ndani ya pamba isiyo na mshono ubavuni ili usimchubue. Akapanua magauni yake yote. Na maumivu yalipungua, lazima tuseme haki. Wiki zile za mwanzo alikaa kwenye cherehani saa tatu bila kunyanyuka, na Kahigi alizunguka Bukoba nzima akisema aliwashinda madaktari wa Mwanza kwa mti wenye panda.

Lakini plastiki haipumui. Kwenye jua la saa saba alitoka jasho kama aliyebeba mkungu. Kuinama kuokota bobini chini ilikuwa safari. Alivaa hivyo mwaka mmoja na nusu, hakulalamika mbele ya mtu, na kila baada ya miezi mitatu alifungua ukurasa wa kwanza wa daftari, akamwita mama yake ashike tepu, akaandika.

Kisha ikaja siku ya Bibi Klaudia kutimiza miaka themanini na mitano. Misa ya shukrani, turubai uani, nyasi mbichi zimetandazwa chini kama zamani, ukoo wote kutoka Izimbya mpaka Bukoba. Wajukuu wa kike wakapanga mstari kumsalimia bibi. Na kwa Bibi Klaudia salamu ya msichana ni ya magoti. Unapiga magoti, unaegemea mbele, unampa mikono yote miwili, unasema, "Kasinge, waitu," naye anakujibu huku mmeshikana. Msichana aliyesalimia akiwa amesimama, kwa bibi yule, hajasalimia, amepita tu.

Koku akapiga magoti. Hapo palikuwa salama. Akaegemea mbele kumfikia bibi, maana bibi amekaa chini kwenye mkeka. Ukingo wa chini wa mkanda ukamkita mapajani, ukingo wa juu ukapanda ukamkaba chini ya koo. Akafungua mdomo aseme "Kasinge". Ikatoka pumzi tu. Akajaribu kurudi nyuma, hakuweza. Akajaribu kwenda mbele, hakuweza. Akalala ubavu juu ya nyasi, taratibu, mikono bado imenyooshwa kwa bibi yake, mbele ya ukoo mzima.

Kahigi ndiye aliyemnyanyua. Alimshika kwapani, akamwinua mzima mzima. Bibi Klaudia akamtazama mjukuu wake, akamgonga kifuani kwa kifundo cha kidole, ikalia ko, ko.

"Nani amemfunga mtoto huyu kama ndizi za kupelekwa Mwanza?" akauliza.

Wengine walimwangalia Kahigi.

Koku akaingia jikoni, mama yake akamfuata, na Kahigi akabaki mlangoni. Akasikia mikanda mitatu ikifunguliwa, kru, kru, kru. Koku akatoka amejifunga kanga, bila mkanda, bila kitambaa cha begani, bega limeshuka kama lilivyo. Mkononi ana daftari lake la vipimo, ambalo haendi popote bila hilo. Akaketi kwenye kigoda mbele ya baba, mama, bibi na mjomba, akafungua ukurasa wa kwanza.

"Naomba mnisomee," akasema.

Baba yake ndiye aliyesoma, kwa sauti yake ya nadra. Miaka kumi na saba: tofauti ya kulia na kushoto, inchi moja. Ishirini na miwili, kabla ya mkanda: inchi moja na nusu. Halafu mistari sita ya miezi ya mkanda. Moja na nusu, mara nne. Kisha moja na robo tatu. Na wiki iliyopita, moja na robo tatu.

Kwa mtu wa kawaida robo inchi ni upepo. Kwa fundi robo inchi ni suruali iliyorudishwa na mwenyewe amenuna.

"Mpima huenda amekosea," Kahigi akasema. Alisema kwa sauti ndogo.

"Mpima ni mama. Na tepu haina mjomba, mjomba."

Renatha akacheka, akafuta macho.

"Sasa nikuulize," Koku akaendelea. "Ule mgomba uliotegemezwa. Mkungu ukikomaa?"

"Unakatwa."

"Na mgomba wenyewe?"

Kahigi akamtazama Karugendo amwokoe. Karugendo alikuwa anatazama kibanja chake, meno yake yanaonekana.

"Nao unakatwa," Kahigi akasema. "Unalazwa chini uwe mbolea."

"Basi mti wa panda unaushikilia mgomba mpaka siku ya panga. Mimi nataka kusimama miaka hamsini, mjomba. Nguo iliyokatwa upogo huwezi kuisawazisha kwa mkanda kiunoni. Unaifumua, unaishona upya. Naogopa, lakini nataka nifumuliwe." Akamgeukia bibi. "Ila kwanza nitamwuliza daktari kama nitaweza kukusalimia. Akisema sitaweza, nitarudi tuongee tena."

Kahigi anataka iandikwe kwamba mtu mzima alishindwa hoja na mpwa wake kwa mfano wake mwenyewe, mbele ya mashemeji, na kwamba alijisikia fahari. Waliokuwepo walisema alionekana kama mgonjwa. Ilikuwa fahari.

Wakarudi Mwanza. Picha mpya ilisema nyuzi hamsini na tatu. Daktari Muharami akatikisa kichwa, hakushangaa, hata alipoambiwa kuwa tepu ilishasema.

"Swali langu ni moja," Koku akasema. "Mkiweka vyuma, nitapiga magoti?"

Daktari akatabasamu. "Magoti yako hayana ugonjwa."

"Kupiga magoti na kuegemea mbele. Kumsalimia bibi. Kwa mkanda nilikwama."

"Kwani kwenu mnasalimiana kwa magoti?"

Kahigi akaingilia hapo. "Daktari, kwetu salamu ina miguu, ina mikono, ina mgongo. Nyie wa pwani mnasalimia kwa mdomo tu, ndiyo maana mnasalimiana nusu saa."

Daktari akacheka, akaweka kalamu mezani, na hapa ndipo wasioamini waanze kutoamini: akavuta rula ndefu kutoka kwenye kabati, akaichomeka nyuma ndani ya koti lake jeupe kuanzia shingoni hadi juu ya kiuno, akapiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha daktari, mbele ya fundi cherehani wa Kamachumu.

"Tazama," akasema. "Mkanda ulikufunga mpaka nyonga, ndiyo maana ulikwama. Vyuma vyangu vitaishia hapa, juu ya kiuno. Hapa katikati hutakunjika tena, hilo ulijue. Lakini nyonga zitabaki zako." Akaegemea mbele kwa nyonga, mgongo umenyooka na rula yake, akanyoosha mikono miwili. "Namsalimiaje?"

"Kasinge, waitu," Koku akamwambia.

"Kasinge, waitu," daktari akasema. Renatha akaipokea mikono yake, kwa sababu ilikuwa imenyooshwa kwake na kuiacha ingekuwa utovu wa adabu.

"Na kanyagio la cherehani?"

"Kanyagio ni miguu. Miezi ya kwanza hutashona. Mkungu wa ndizi kichwani, usahau. Baadaye utashona mpaka uchoke."

Koku akatia saini mwenyewe. Gharama hazimo katika hadithi hii. Ukoo ulichanga kama unavyochanga kwenye harusi, na anayetaka kujua nani alitoa nini aulize mwenyewe.

Alipasuliwa siku ya Jumanne. Aliingia saa mbili asubuhi, akatoka saa tisa alasiri. Renatha alikuwa kwenye kanisa dogo la hospitali. Karugendo na Kahigi walikaa kwenye benchi la korido, na Kahigi alikuwa na kifuko cha kahawa ya kutafuna. Hili ndilo lisiloaminika kuliko yote yaliyotangulia: Kahigi hakusema neno kwa saa saba. Alitafuna. Saa sita hivi Karugendo, bubu wa Kamachumu, akamgeukia, akamwomba.

"Shemeji, sema chochote."

"Sina."

"Hata uongo."

"Hata huo."

Karugendo akamshika mkono. Wakakaa hivyo, watu wazima wawili wameshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara. Kahigi alikuwa anauona ule ua wa Ijuganyondo, na msichana mwembamba akitembea na daftari kichwani, kwenda na kurudi, bila kulidondosha, kwa heshima tu.

Muuguzi ndiye aliyetoka wa kwanza. Alisema mgonjwa ameamka kidogo, daktari akamwomba asogeze vidole vya miguu. Hakusogeza vidole. Alikanyaga. Mguu wote wa kulia, chini ya shuka, kanyaga, achia, kanyaga, achia. Daktari alidhani ni mtetemeko. Karugendo akasema, "Anashona," kisha akaenda kusimama dirishani.

Kupona hakukuwa ngoma. Siku ya kwanza aliyosimamishwa alitapika. Wiki kadhaa alilala kama ubao na kuinuka kama ubao, kwa kugeuka ubavu kwanza, alivyofundishwa. Miezi mitatu hakugusa cherehani. Violeth, yule wa tepu, alikuja kutoka Bukoba kumshikia kibanda, na sare za mwezi wa kwanza zikatoka kwa wakati. Kovu linaanzia chini ya shingo hadi kiunoni. Koku analiita mshono, na ana maoni juu yake: anasema daktari amekaza uzi vizuri ila mwisho amemalizia haraka.

Alipoweza kuketi, kazi yake ya kwanza ilikuwa kufumua. Alitoa vitambaa vya begani kwenye magauni yake yote, kimoja kimoja, kwa wembe, na marinda ya kushoto akayafungua. Kisha akafungua daftari, mama akashika tepu. Tofauti ya kulia na kushoto: robo inchi. Kahigi alisema waandike sifuri, nani atajua. Koku akaandika robo. "Hiyo imebaki yangu," akasema.

Wasichana wa Muleba hawakumwelewa. Mpaka leo wapo wanaokuja hapa kutaka mshono wa Koku, marinda kushoto, bega limeinuliwa, na yeye anawashonea, kisha wanaondoka wakimhurumia fundi aliyeachwa nyuma na fasheni yake mwenyewe.

Na ilipotimia miaka themanini na sita ya Bibi Klaudia, watu wakaja wengi kuliko mwaka uliotangulia. Wengine walikuja kwa ajili ya bibi. Mstari wa wajukuu ukapangwa. Zamu ya Koku ilipofika, walioshika glasi waliziweka chini. Akashuka, goti moja, la pili. Akaegemea mbele kwa nyonga, mgongo umenyooka kuanzia kisogoni, polepole, kama walivyokuwa wakishuka wanawake wa nyumba ya mfalme, ambao bibi aliwaona akiwa mtoto. Mikono miwili ikafika. "Kasinge, waitu," na sauti ikatoka nzima, ikasikika mpaka barabarani.

Bibi Klaudia hakumwachia haraka. Alimpapasa mgongoni juu ya gauni, akafuata mstari hadi chini. "Hii sasa ni salamu," akasema. "Wengine wote mnajikunja kama senene kwenye kikaango. Jifunzeni kwa huyu." Na wajukuu waliokuwa nyuma yake kwenye mstari, wazima wasio na chuma hata kimoja, wakaanza kushuka na migongo imenyooka, wakimwiga. Mara ya pili wilaya inauiga mgongo wa mpwa wa Kahigi.

Kisha akanyanyuka. Na hapo, msomaji, ndipo Kahigi aliposimama juu ya benchi apate kuona vizuri, maana mtoto alinyanyuka, akanyanyuka, hakumaliza kunyanyuka, akampita baba yake, akampita padri, alikuwa ameongezeka futi nzima na zaidi, hata mlango wa nyumba ya Bibi Klaudia ikabidi aitwe seremala auku—

"Inchi moja na robo, mjomba. Futa."